Pweza wa Harusi Ndani ya Injini

Jamani, leo shemeji yangu ameinywesha injini maji ya pweza!

Kasikia mtandaoni kuwa injini ikivuta hewa ya baridi inaongeza nguvu. Basi akaunga bomba kwenye tundu la hewa la lori, ncha akaiingiza kwenye boksi la barafu lenye pweza wa harusi.

Mhandisi huyo!

Barabara ya Kirongwe, shimo la kwanza tu, maji ya barafu yakaruka bombani. Injini ikakohoa, ikazima.

Mama wa bi harusi akapiga simu: "Pweza wangu wako wapi?"

Shemeji, bila haya: "Shikamoo mama. Wanapoza injini."

Tunasukuma lori tangu adhuhuri. Nimeigusa injini sasa hivi, baridi kabisa.

Haya, mpeni hongera zake hapo chini. Kafaulu.