Bomu la Tatu la Luteni Valère
Papa hakuwa mtu wa kukaa. Kwa miaka saba sikumwona akimaliza sahani ya ugali kwenye kiti. Alikula akizunguka ua, kidole gumba kimenyooshwa mbele ya jicho moja, akipima umbali wa kila kitu: paa la jirani, gati la bandari ya Kalemie, hata mbuzi wa watu.

"Papa Bertille," mama yangu Monique alimwambia, akimwita kwa jina langu, "ule mbuzi hakukufanyia vita."

Alicheka kidogo, akaendelea kuzunguka.

Msidhani alikuwa mwehu. Alizaliwa Zongwe, kwa wavuvi, na mapema alijifunza kuzipata nyavu za babu ziwani kwa kulinganisha jiwe la ufukweni na kilele cha mlima. Jeshi lilipomfundisha mizinga, aliona ni kazi ileile. Akapanda mpaka uluteni. Makaratasini alikuwa sitoyeni, yaani raia, Kalunga, maana enzi zile za Zaire majina ya Kikristo yalipigwa marufuku. Nyumbani alibaki Valère. Na alivyojivuna, jamani! Alisema hajawahi kukosa shabaha, na mbaya zaidi ilikuwa kweli.

Kiangazi cha 1978 kikosi chake kilipelekwa kusini, kutafuta waasi. Kapteni wake, mtu wa mbali ambaye hakuwa amewahi kuliona ziwa, alitazama kwa darubini kutoka mlimani, akaona ufukwe wa kijiji kimoja unang'aa mweupe.

"Mahema ya waasi," akasema. "Piga."

Papa hakuhitaji darubini. Walikuwa dagaa walioanikwa mchangani, kama kwao, na wanawake wakiwageuza.

"Kapiteni, ile njo ndagala."

"Luteni, nilisema piga."

Akalenga ziwa. Bomu la kwanza likaanguka majini, mahali pasipo na mtumbwi. La pili hapohapo. Kapteni akaelewa, kwa sababu hakuna mpiga mizinga anayekosea mara mbili mahali pamoja. Wakamfunga mikono, wakamteremsha upande wa pili wa mlima. Walipokuwa njiani akasikia bomu la tatu. Hakuona lilipoanguka.

Hilo ndilo lililomnyima kiti. Alivuliwa cheo, akafungwa miezi minane, kisha akapata kazi ya ulinzi kwenye mitambo ya umeme kule Bendera. Hakudumu. Tukahamia Nyunzu, tukahamia Kabalo, tukarudi Kalemie, na mizigo mingine hatukuifungua kabisa. Kijijini kule hakuthubutu kukanyaga, na kuuliza aliogopa jibu. Nilimkasirikia sana. Nilitaka rafiki mmoja tu ambaye sitamuaga.

Mwaka 1985 tulikuwa sokoni, mimi na yeye. Muuza dagaa mmoja, Mama Florentine, alikuwa akimsifia mteja mali yake: dagaa wa kule kusini, alisema, kutoka ufukwe ambao askari waliupiga mabomu.

Papa akanishika bega mpaka likauma.

"Mama," akasema, "siku ile ya mabomu, nani alikufa?"

"Kufa? Hakuna muntu! Ule wa kwanza alikuwa mujinga, Papa. Alipiga maji mara mbili! Sisi wote tukakimbia ku mulima na watoto. Ule wa nyuma njo alijua kazi: alimaliza ndagala yangu yote." Akasonya. "Ule mujinga, nani alimupatia muzinga?"

Papa akafungua mdomo. Nilidhani atajitetea, maana nilimjua yeye na shabaha zake.

"Kweli, Mama," akasema, machozi yakimtoka mbele ya soko zima. "Alikuwa mujinga kabisa."

Kisha akavuta gunia la chumvi lililokuwa kando ya meza, akakaa, akaomba maji ya kunywa.