Mgongo wa Stelingi

Jumamosi, kwenye banda la video hapa Garsen, stelingi alitufia katikati ya filamu. Si kwenye stori. Mwigizaji mwenyewe alifariki kabla ya kuimaliza, na wenye kampuni wakamalizia na jamaa mwingine anayeonyeshwa mgongo tu.

"Innaa lillahi," akasema mzee wa Kiorma aliyekuja kuuza ng'ombe. "Zima, kijana. Mnampiganisha maiti?"

Banda zima likadakia: "Zima! Zima!"

Mtafsiri wetu, anayetutilia Kiswahili kwa maiki, akasimama mbele ya skrini, mikono kiunoni. "Zii, sizimi! Marehemu tumuombee. Lakini huyu wa mgongo anayerushwa dirishani yuko hai, mzee, na anaumia. Nikizima, nani atamwona?"

Mzee akagonga fimbo chini, akaketi. "Haya. Mwambie ajikaze."

Tukaushangilia ule mgongo mpaka mabati yakatetemeka.

Manze, mimi na digrii yangu kila ofisi inaniambia, "Tutakupigia." Nyinyi wa maofisini, mgongo wangu mnaujua vizuri, mmeuona ukitoka milangoni mwenu. Nikirudi, siondoki mpaka muutazame uso.