Pikipiki Inayonguruma Uani

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na robo, mume wangu anatoka uani, anaipandisha pikipiki kwenye stendi ya kati, anakaa juu yake na kuiwasha. Haendi popote. Anaingiza gia, gurudumu la nyuma linazunguka hewani, moshi unaingia jikoni kwangu, na yeye ameshika usukani anatazama ukuta wa jirani. Dakika kumi nzima. Kisha anazima, anaifuta kwa kitambaa, anaingia ndani kunywa chai. Ukimuuliza, anasema anachaji betri. Betri gani jamani, ya pikipiki ambayo haijavuka geti tangu mwezi wa pili?

Mie naitwa Jovina, mwalimu wa darasa la pili, na mume wangu ni Ansbert. Sie ni watu wa Muleba, kila mmoja alikuja Gongo la Mboto kwa njia yake, tukakutana huku huku. Niseme mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari: mimi ni mkali. Watoto wa shule wananijua, wazazi wao wananijua, na Ansbert ananijua kuliko wote. Lakini kwenye hii ishu ya pikipiki ukali wangu umeniishia, nimebaki sijui nisimamie wapi.

Ajali ya kwanza ilikuwa mwaka juzi. Lori la mchanga lilimbana pembeni kule Ukonga, akaingia mtaroni na pikipiki juu yake. Mguu wa kulia ukavunjika sehemu mbili, wakautia vyuma. Alipopona na kurudi barabarani sikusema neno. Nikajiambia ajali ni ajali, hata anayetembea kwa miguu anagongwa. Ya pili ni ya mwezi wa pili mwaka huu, na hiyo ndiyo inayonitia hasira mpaka leo, maana ni ya kijinga.

Nyie wa Dar mnaijua tabia hii. Dereva wa bodaboda ana helmeti, lakini haivai kichwani. Anaitia kwenye kiwiko kama mama aliyebeba mkoba, anaenda nayo hivyo hivyo, akiona trafiki kwa mbali ndiyo anaivaa haraka haraka. Trafiki akishapitwa, inarudi kiwikoni. Siku hiyo bajaji ilimkatia ghafla, Ansbert akaangukia kushoto, na helmeti ilikuwa kwenye kiwiko cha kushoto. Uzito wote wa pikipiki ukaikandamiza helmeti, helmeti ikakiponda kiwiko. Kichwa nacho kikashonwa nyuzi kumi na moja.

Daktari akamuuliza mbele yangu, "Helmeti ilikuwa wapi?"

"Mkononi, daktari."

Daktari akavua miwani. "Kwa hiyo ulikuwa unalinda mkono?"

Ingekuwa siku nyingine ningecheka. Siku ile nilitamani kumzaba kibao mgonjwa wa watu, palepale kitandani.

Sasa mkono haunyooki vizuri. Unafika mahali unagoma. Klachi anaweza kushika, kijiko anaweza kushika, na binti yetu Blessing bado anambeba kwa ule mzima. Mguu unamuuma kukiwa na mvua. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mwili wake unaweza kuendesha, nitamjibu ndiyo. Swali ni kama inafaa, na hapo ndipo nyumba yetu imekwama miezi minne.

Binamu yake Projestus ana karakana ya kuchomelea mageti Chang'ombe. Anataka mtu wa kukaa stoo, wa kupokea vyuma na kuvipima. Kazi ya kivulini, ya kukaa kwenye kiti. Amemwambia wazi, "Braza, nakusubiri mpaka Jumatatu. Ukikaa kimya namchukua mwingine, halafu usije ukaninunia."

Na upande wa pili yupo Mwishehe, mwenyekiti wa kijiwe chao cha bodaboda. Kizibao cha Ansbert, namba kumi na saba, bado kinaning'inia kwenye msumari pale kijiweni na hakuna ruhusa ya kukigusa. Huo ndio utaratibu wao: mwenzao akiumia, kizibao kinamngoja mpaka aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Vijana wapya wanakitolea macho, Mwishehe anawafukuza. Kila akipita kwetu ananiambia, "Shemeji, mwambie jamaa nafasi yake ipo."

Haya, jamaa mwenyewe sasa! Nikimwambia nenda Chang'ombe, anasema, "Nitakaaje stoo, Mama Blessing? Mie mwaka wa kumi na moja huu sijakaa ndani mchana." Nikimwambia basi rudi kijiweni, anasema, "Unataka nife?" Sasa mtu kama huyo utamjibu nini? Jumanne anatafuta mteja wa pikipiki. Alhamisi anaibadilishia oili. Lori likipita barabarani anaacha kutafuna, chakula kimo mdomoni, mpaka mlio uishe. Halafu kesho yake saa kumi na mbili na robo unamsikia uani, vuu vuu vuu.

Na mie si bora kuliko yeye. Alfajiri namwomba Mungu amtoe barabarani. Jioni nikirudi shuleni nikamkuta amekaa mlangoni anatazama vidole vya miguu yake, mwanamume aliyekuwa akiingia nyumbani kwa vicheko na habari za mji mzima, namwomba Mungu huyo huyo amrudishe. Nadhani hata Mungu ameshindwa kunielewa.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Ansbert alinipata kwa pikipiki. Nilikuwa mgeni Dar, yeye ndiye aliyekuwa ananipeleka shuleni. Siku ya kwanza alinipa helmeti yake nivae, nikakataa. Nilikuwa nimetoka saluni, na ile helmeti ilikuwa inanuka vichwa vya watu. Akasema, "Basi na mie sivai, sista. Abiria wangu akae kichwa wazi halafu mie nijifunike? Si adabu hiyo." Akaitia kiwikoni. Kesho yake hivyo hivyo, mwezi mzima hivyo hivyo. Nami nyuma nikaona, kijana huyu ana heshima zake. Jamani, nilimpendea hapo! Siku ile daktari anamuuliza helmeti ilikuwa wapi, mie nilitazama sakafu.

Basi Jumamosi ya kabla ya hiyo Jumatatu nikachoka. Nilikuwa nafua, yeye amekaa juu ya pikipiki inayonguruma, povu la sabuni linanikauka mikononi, nikatupa nguo kwenye beseni.

"Baba Blessing, zima hiyo. Itoe nje ya geti. Unanipeleka Chang'ombe kwa Projestus na kunirudisha, mchana kweupe. Tukirudi salama na hujatetemeka, nenda kachukue kizibao chako, sitasema tena mpaka nazeeka. Ukishindwa njiani, Jumatatu unaingia stoo."

Akanitazama kama mtoto aliyeitwa ubaoni. "Na wewe utapanda?"

"Nani mwingine apande?"

Nikamwacha Blessing kwa jirani. Kwenye kituo cha mafuta Ansbert akajaza tanki hadi juu, akafunga kifuniko, akakifungua tena kuhakikisha. Helmeti tulikuwa nayo moja tu, ile aliyopewa na wenzake wa kijiweni baada ya ajali. Akaninyooshea. Nikamwambia avae yeye, ndiye dereva, na ndiye mwenye kichwa kilichoshonwa. Akasita, kisha akavaa na kufunga mkanda. Niliangalia kwa macho yangu haya mawili, mkanda ukalia ta!

Mwanzoni alikuwa anatetemeka. Nilimshika kiunoni na kusikia mwili wote unamcheza. Tukaenda taratibu mno, bajaji zikatupita, hata mzee wa baiskeli akatupita na kutupa pole. Nikasema moyoni, haya, kazi imeisha, Jumatatu stoo. Tena nikahuzunika, sijui kwa nini.

Kumbe mwili unakumbuka. Tulipoikaribia Ukonga mgongo wake ukalegea. Akaanza kuchagua njia, huku anapenya, huku anangoja, bila haraka. Tukaufikia mtaro wa ile ajali ya kwanza. Malori ya mchanga yalikuwa yamepangana, mie nikafumba macho na kuegemeza paji la uso mgongoni kwake. Sikumwomba mtakatifu mmoja, niliwataja wote niliowakumbuka. Na yeye akayapita yale malori akipiga mluzi. Mluzi, nyie! Miezi minne sijausikia.

Tulisimama kidogo kwenye foleni. Nikasikia bega lake linacheza, nikadhani anaweka kola sawa. Tukaondoka tena. Akaniuliza kwa sauti, "Mwalimu, uko sawa huko nyuma?" Nikamjibu niko sawa. Na kweli nilikuwa sawa. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli. Upepo ulikuwa mzuri, mume wangu alikuwa amerudi, nikaamua palepale macho yangu yakiwa yamefumba: arudi kijiweni, potelea mbali, kila mtu ana siku yake. Nikafumbua macho nimwambie.

Nilichokiona mbele yangu ni kovu. Zile nyuzi kumi na moja, nyuma ya kichwa, nywele hazijaota vizuri. Nikalitazama kidogo kabla sijaelewa kwamba sikupaswa kuliona. Nikashusha macho. Helmeti ilikuwa kwenye kiwiko cha kushoto, kile kile kisichonyooka, inabembea.

"Simama."

"Vipi, umeona trafiki?"

"Simama, Ansbert."

Simwitagi jina. Akasimama pembeni, mbele ya duka la mabati. Nikashuka, nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama mkono wake. Akaupindua huku na huku kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Nimeivua saa ngapi?"

"Unaniuliza mie?"

Nilitaka kugombeza. Nilikuwa na maneno ya kumtosha yeye na ukoo wake. Mtoto wa darasa la pili akikosea herufi mara tatu najua la kumfanya, lakini huyu? Tena nilikuwa na swali langu mwenyewe.

"Ni kwa sababu mie sijavaa?"

"Sijui," akasema. "Haki ya Mungu sijui, Mama Blessing. Sikufikiri chochote. Mkono wenyewe umefanya."

Akakaa kwenye kizingiti cha duka, helmeti magotini. Labda angekuwa peke yake angeivaa mpaka mwisho. Labda asingeivaa kabisa. Labda zingekuwa mbili, mie na yangu na yeye na yake, tungefika Chang'ombe tunacheka. Nilizunguka na hayo kichwani, na mpaka leo yananizunguka.

"Mie nilidhani naogopa malori," Ansbert akasema. "Malori nimeyapita. Sikuyaogopa hata kidogo."

"Nimekusikia ukipiga mluzi."

"Basi ndiyo hivyo." Akaufuta uso kwa kiganja. "Ningekuwa naogopa, ningekuwa nimevaa."

Akainuka. Akanivalisha helmeti mie, akanifunga mkanda chini ya kidevu, polepole, kwa ule mkono mbovu. Sikukataa. Kisha akaigeuza pikipiki kuelekea tulikotoka, hakuipanda, akaanza kuisukuma. Nikashika nyuma. Watu walikuwa wanatushangaa, mwanamke anatembea kwa miguu na helmeti kichwani, anasukuma pikipiki huku analia. Nilikuwa nalia, ndiyo. Miezi minne nimeomba hili, limekuja, na sikujua kama ninalilia kwa furaha au kwa ule mluzi.

Tulikuwa tumeshaupita tena mtaro wakati Mwishehe alipotukuta, anatoka kushusha abiria. Akapunguza mwendo kando yetu.

"Shikamooni, wazee wa mazoezi!" akatania. "Braza, vipi, mafuta yameisha?"

Ansbert akanitazama mie kwanza, kisha akatazama tanki.

"Yameisha," akasema.

"Ngojeni hapo hapo, nawaletea kwenye chupa, dakika mbili tu."

"Acha, Mwishehe. Tutafika. Na kile kizibao cha msumarini, mpe mtu."

Mwishehe akakanyaga breki. Alimtazama mwenzake, akanitazama mie na helmeti yangu, akaelewa au hakuelewa, sijui. Akasema, "Haya, braza." Akaingiza gia, akaondoka, na helmeti yake inabembea kiwikoni.

"Mwishehe!" nikapiga kelele, ile sauti yangu ya uwanja wa shule. "Vaa helmeti!"

Hakugeuka. Akainua mkono juu kutuaga, ule ule wenye helmeti, akapotelea kwenye magari. Nilipogeuka, Ansbert alikuwa ameshaanza tena kusukuma.