Meno ya Plastiki ya Maduhu

Juzi hapa Geita jirani alinionesha ufizi wa mwanawe anayeharisha, akaniuliza kama ule weupe ni meno ya plastiki, yale wanayosema huharisha mtoto mpaka yang'olewe. Nikamwambia ampeleke hospitali leo hii. Halafu nikarudi ndani kwangu, nikafunga mlango.

Kule Kishapu, nilipokuwa mtoto, mdogo wangu Maduhu, bado ananyonya, naye aliharisha. Mama alikwishambeba mgongoni ampeleke zahanati. Bibi Holo, mama yake baba, akamzuia mlangoni. Baba alikuwepo, akageuka kutazama ng'ombe. Mchana akaja fundi Masanja, mng'oaji wa meno ya plastiki, na spoku ya baiskeli iliyonolewa. Chumba kilinuka maziwa yaliyochacha.

"Minza, shika miguu," Bibi aliniambia. "Wewe ulitolewa hayo hayo, mbona unakula ugali?"

Nikaona ni kweli, nikashika. Vilitoka vijino viwili, vyeupe, vidogo kama punje za mchele. Maduhu alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akanyamaza, nami nikafurahi kwamba amepona. Nikavitia kwenye kiberiti kitupu nije nimwoneshe akikua.

Sasa najua yalikuwa meno yake mwenyewe, chonge ambazo zilikuwa hazijaota, kama hizi nisizokuwa nazo mimi. Bibi Holo aliamua, baba alinyamaza, Masanja alichimba. Miguu niliishika mimi.

Damu haikukatika. Jioni wanawake walitoka nje, uani, wakaanza kulia. Mimi nilibaki naye chumbani, nikakitikisa kile kiberiti sikioni pake, taratibu, ili aamke aone.