Kitambaa Kilichokataa Kulala

Tangu utotoni aliambiwa ana mikono ya mbao, na mtu akiambiwa jambo moja miaka hamsini, mwishowe analibeba kama jina la ukoo. Mama yake alilisema kila kikombe kilipovunjika. Mumewe alilisema kwa upole zaidi, kwa kumnyang'anya bisibisi. Kazini, kwenye masijala ambako alikuwa karani kwa mwaka wa ishirini na sita sasa, walimsifu kwa kichwa tu. Ukimtajia faili atakuambia limo kabati gani, rafu ya ngapi, na mkubwa gani alilikalia wiki tatu. Mikono yake hakuna aliyeitaja kwa wema.

Kwa hiyo siku alipoonekana na sindano ya kufumia, ile yenye ncha ya ndoano, jengo zima lilipata la kusema.

Aliyemfundisha ni jirani wa ghorofa ya chini, mjane aliyestaafu ualimu wa maarifa ya nyumbani. Walikutana kwenye ngazi, wakaulizana majina, wakakuta ni moja. Yaliyobaki yalijiendesha yenyewe. Wakaitana somo, kama wanavyoitana watu wenye jina moja, na kwa kuwa neno hilo ndilo la darasani pia, mjane alicheka akasema, "Basi somo nitampa somo. Njoo Jumamosi, saa kumi."

Akaenda. Wiki ya kwanza alishika sindano kama kalamu ya kutia saini, akafuma mnyororo tu, vitanzi baada ya vitanzi, mpaka ukatoka kochini ukafika jikoni. Mumewe aliuliza kama ni kamba ya kuanikia. Hakujali. Alikuwa ameonja kitu. Uzi ukipita kidoleni, kitanzi kikimeza kitanzi, kichwa chake kilichojaa namba za mafaili kilinyamaza kabisa, na hakuwahi kujua kwamba kichwa kinaweza kunyamaza. Alianza kufuma kwenye foleni ya benki. Alifuma wakati wa chakula cha mchana, nyuma ya kabati la mafaili yaliyofungwa, akihesabu vitanzi kwa midomo. Wenzake walidhani anasali.

Baada ya minyororo yakaja mambo ya duara. Bintiye alikuwa amehamia nyumba yake mwenyewe na kununua meza ya duara, na mama mtu, kwa kiherehere cha mwanafunzi, alimwambia, "Usinunue kitambaa cha meza. Nitakufumia mimi, kwa mkono wangu, mwanzo hadi mwisho." Binti alinyamaza kidogo kabla ya kusema asante. Yule mama aliusikia ule unyamavu. Kuanzia hapo kitambaa hakikuwa kitambaa tena. Alikitaka kile kitu kimoja duniani ambacho mikono ile ya mbao ingekianza na kukimaliza yenyewe.

Somo akamwelekeza. Mzunguko wa kwanza, nguzo, yaani mishono ya kusimama, kumi na mbili. Wa pili, nguzo mbili kila tundu. Kuanzia wa tatu, moja moja, unakwenda tu mpaka utakapochoka. Akafuata neno kwa neno, kama anavyofuata waraka wa mkurugenzi. Mizunguko miwili ya kwanza ililala vizuri. Ya mbele ikaanza kuinua kingo, na kufika wa sita ana bakuli mkononi. Akafumua, akarudia. Bakuli. Akafumua tena, akapunguza pumzi, akalegeza uzi. Bakuli lilelile, ungeweza kulitilia uji.

"Mkono wako unabana, somo," yule mwenzake alimwambia, akimpapasa vidole kwa huruma. "Si kosa lako, ndivyo ulivyoumbwa. Lete nikunyooshee. Nenda kaweke chai."

Naye huyo, jikoni. Jiko la mafuta la pale chini lilikuwa linachemsha kwa kujivuta, na hadi arudi na sinia, kitambaa kimetandazwa mapajani kwa somo, kimelala kama shuka iliyopigwa pasi. Akishukuru huyo! Akipanda nacho juu, anafuma wiki nzima, kinainua kingo, Jumamosi anakishusha tena kama mtoto mwenye homa. Utauliza, hakuona? Angeona nini? Mtu aliyeambiwa tangu mtoto kwamba ana mikono mibovu haendi kutafuta kosa mahali pengine. Na wageni wakiwapo, somo alizoea kutania, "Mikono ya huyu ni ya kubebea mafaili. Bila mimi hafiki popote." Wanacheka wote, naye anacheka, akimimina chai.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kitambaa kilikuwa na upana wa sahani, na nusu ya upana huo si kazi yake. Bintiye alikwishanunua cha plastiki.

Sasa sikiliza lililotokea. Mashine ya kunakili ilikwama, akaletwa fundi, mwanamume mnene mwenye vidole vyeusi kwa wino. Akiwa amepiga magoti sakafuni aliona bakuli moja juu ya meza ya karani, lile alilokata tamaa nalo akalifanya la kuwekea vibanio.

"Kofia ya mtoto hiyo?" aliuliza.

"Ni kitambaa cha meza," karani alijibu kwa ukali. "Mkono wangu unabana."

Fundi alijifuta vidole, akalichukua, akalivutavuta, akaligeuza. "Mkono haubani, mama. Mkono mzuri sana huu, uko sawa kila mahali. Mbona huongezi?"

"Naongeza nini?"

Yule baba alimtazama aone kama anataniwa. Kisha akasema amejifunza kwa bibi yake, yeye mwenyewe alipovunjika mguu, miezi minne kitandani, asicheke mtu. Akaomba sindano. "Mzunguko wa pili umeongeza, vizuri. Wa tatu unaongeza pia, moja, halafu mbili tundu moja. Wa nne, moja, moja, halafu mbili. Kila mzunguko una nyongeza yake, mpaka mwisho. Duara lisipoongezwa litakaaje? Linajikunja. Hili ndilo la kwanza kabisa mtu kuambiwa. Nani alikufundisha?"

Karani alilifumua bakuli hadi mzunguko wa pili. Alikaa akafuma mizunguko mitatu kama alivyoelekezwa, mashine ikinguruma na kutema karatasi. Akakitandaza kitambaa juu ya faili. Kikalala. Alikipiga kofi kidogo kuhakikisha, kikabaki kimelala, naye badala ya kufurahi alihisi baridi kutoka utosini hadi miguuni.

Siku nne alimtetea somo wake. Uzee huo, alijiambia, amesahau. Mwalimu mzima hawezi. Labda kila shule na njia yake. Mtu unayempenda unamtafutia wakili hata kabla hajashtakiwa. Lakini Jumamosi alishuka na bakuli jipya, alilolifuma makusudi bila nyongeza, na moyo ulikuwa unamdunda kama yeye ndiye mwizi.

"Ah, somo, mkono umebana tena," mwenzake alisema. "Nenda kaweke chai."

Akaenda jikoni. Akafungulia maji, hakuwasha jiko. Akavua kandambili, akarudi kwa nyayo tupu hadi mlangoni. Yule bibi alikuwa amempa mgongo, anafumua haraka haraka hadi mzunguko wa pili, kisha sindano ikaingia. Moja, halafu mbili tundu moja. Moja, halafu mbili. Hakusita hata mara moja. Alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo, na kwa raha, kama mtu anayeimbia sufuria.

Kumbe katika mizunguko yote ile, aliyezungukwa alikuwa yeye. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira aibu. Aliona vile vicheko vyote, kila Jumamosi, sinia mkononi, akishukuru. Watu wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikuwa kinamfumia hiyo nguo.

"Kumbe unaongeza," alisema.

Sindano ilisimama.

"Miaka miwili, somo. Unaniambia ndivyo nilivyoumbwa."

"Kaa kwanza."

"Nimesimama vizuri."

Yule bibi aliweka kitambaa mapajani, akakilaza kwa kiganja ingawa kilikuwa kimelala tayari. Hakukana. Labda angekana ingekuwa nafuu. "Kulikuwa na msichana wa ghorofa ya tatu kabla yako," alisema. "Nilimfundisha yote kwa mwezi mmoja, nyongeza, maua, pindo, kila kitu. Alipojua, hakukanyaga tena hapa. Tukikutana kwenye ngazi ananiamkia tu. Kabla yake kulikuwa na mwingine. Watu wakishapata walichokifuata wanakwenda zao. Wewe ulipokuja nikasema huyu simpi yote. Nibakize kidogo, arudi."

"Ukanibakizia ujinga."

"Ungerudi, wewe? Sema kweli. Ningekupa yote, ungekuwa unarudi kufanya nini?"

Karani alikuwa amepanga maneno makali siku nne, ameyapanga kwa tarehe kama mafaili, na sasa hakuyaona hata moja.

"Jumamosi ya kwanza nilikuja kwa ajili ya uzi," alisema. "Zilizobaki zote nilikuwa nakuja kwako."

Akachukua kitambaa mapajani mwa yule bibi, akakifumua hapohapo, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ukabaki uzi mtupu uliojikunjakunja. Akauviringisha mkononi, akavaa kandambili zake, akaondoka. Nyuma yake alisikia akiitwa kwa lile jina lao moja, na hakujua kama ndiye anayeitwa au yule bibi anajisemesha mwenyewe.

Aliianza upya kazi ile, nguzo kumi na mbili. Ilimchukua wiki saba, kwa kila nafasi aliyoipata. Jumamosi ya wiki ya saba, mchana, mumewe akiwa amesinzia na redio, alifunga kitanzi cha mwisho, akakata uzi, akakitandaza kitambaa juu ya meza. Kililala chote, kutoka katikati hadi pindoni, na hapakuwa na nguzo hata moja iliyofumwa na mkono mwingine. Alikitazama, akatabasamu peke yake. Kisha akakikunja upesi upesi, akakikumbatia, akashuka ngazi mbili mbili kwenda kumwonyesha mtu, na akawa ameshainua mkono kubisha hodi ndipo alipokumbuka mlango ule ni wa nani.