Mafuta ya Mtu Mwembamba

Mimi ni mnene, sifichi. Nikikaa kwenye cherehani, kiti kinalia. Mume wangu, fundi rangi, ni mwembamba mpaka mafundi wenzake wanamwita Fito. Tulipokwenda kupima damu alinitania njia nzima: "Bibie, leo siri zako zitatoka!"

Zikatoka zake. Damu yangu haikuwa na neno. Ya Fito ilijaa mafuta mabaya, yale wanayoyaita LDL, yanayoganda polepole kwenye kuta za mishipa mpaka siku moja moyo unakosa damu.

Fito akavuta shati. "Mafuta gani, daktari? Nishike uone!"

"Haya hayakai kiunoni, mzee. Ini lako linashindwa kuyaondoa, na mara nyingi ni kitu cha kurithi. Baba yako yuko?"

Fito akateremsha shati. Baba yake alianguka ghafla akafa akiwa bado na nguvu zake, kaka yake vilevile, na ukoo mzima ulisema siku zao zilifika tu. Tulirudi nyumbani na kopo la vidonge vya kushusha mafuta hayo.

Nikapunguza vya kukaanga, nikamnyima ngozi ya kuku, naye akameza kidonge kila jioni. Baada ya miezi michache vipimo vikashuka. Bwana mkubwa akatangaza amepona, akaacha dawa.

"Vimeshuka kwa sababu ya dawa, we mwanaume!" nilifoka. "Ukiiacha vinapanda!"

"Dawa ni ya mgonjwa, mke wangu."

Nilitaka kumwambia sikio la kufa halisikii dawa, nikajiuma ulimi. Neno lenyewe liliniogopesha.

Lakini daktari alishaagiza mtoto wetu naye apimwe. Tunaye mmoja tu, binti, keshakuwa mtu mzima. Akapimwa. Naye anayo. Nililia palepale kwenye benchi, wala sikuona aibu.

Jioni ile Fito akamwekea kidonge kiganjani na glasi ya maji. "Kunywa, mama."

Binti akakiweka mezani. "Cha kwako kiko wapi, baba?"

"Mimi nilishapona."

"Basi na mimi nimepona. Ukinywa, nakunywa. Ukiacha, naacha."

Fito akanigeukia nimsaidie. Nikaangalia dari. Akainuka, akaingia chumbani, akatoka na kopo lake. Wakanywa pamoja.

Mwaka wa tatu huu, vipimo vyao viko chini. Binti ameolewa, lakini kila jioni simu inalia, na Fito anaacha chakula kukimbilia kopo kabla hajapokea. Mimi nacheka peke yangu jikoni, jamani, kwa raha.