Volyumu ya Hatua Kumi na Mbili

Mpaka leo nikimsikia mtu akisema vita ile ilituunganisha, damu inanichemka. Labda iliwaunganisha wengine. Mimi ilininyang'anya boksi la mbao la ukubwa wa Biblia, lenye swichi moja mbele, na waliolichukua hawakuwa adui. Walikuwa majirani zangu, tena wawili tuliimba nao kwaya moja.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi upande wa Mbuba, wilayani Ngara, na niliishi na mama yangu. Miguu yake ilikuwa imechoka, macho yameingia ukungu, na masikio yalikuwa yakipungua mwaka hadi mwaka. Mdogo wangu, kitinda mimba wake, alipandishwa lori na wenzake wa mgambo vita ya Kagera ilipoanza. Aliondoka na kikohozi kikavu ambacho mama alikuwa amekitibu kwa majani ya kila aina bila kufaulu. Barua hazikuja. Lakini jioni kulikuwa na kipindi redioni ambamo wapiganaji waliwasalimu watu wa nyumbani kwa sauti zao wenyewe. Mama hakutaka kitu kingine ila kuisikia sauti ile na kujua kama kikohozi kimepona.

Redio yetu ilikuwa ndogo na sauti yake haikumfikia. Nilikuwa na spika na ampli kuukuu vilivyotupwa na misheni. Kilichokosekana ni kikuza sauti kidogo cha kukaa kati ya redio na ampli, na humo ndimo volyumu inamokaa. Transista mbili nilizipata kwenye redio zilizokufa. Volyumu ndiyo iliyonitoa jasho. Zote nilizookota zilikuwa zimelika ndani. Ukizigusa zinakwaruza, sauti inapotea, inarudi kwa kishindo, na mama anaruka kwenye kiti.

Nikaamua kutengeneza volyumu ya hatua. Fundi mmoja wa Biharamulo aliniuzia swichi ya kuzungusha yenye vituo kumi na viwili, na kila kituo kinalia "ka!" na kugonga kidole. Kati ya kituo na kituo unalehemu rezista, kijipande cha kupunguza umeme, ili kila hatua ipunguze sauti kwa kiasi chake na isikwaruze kamwe. Chuma cha kulehemu nilikipasha kwenye jiko la mkaa. Mara ya kwanza niliweka rezista zote sawa, nikajiona mjanja. Kumbe sikio halipimi kwa rula! Kutoka hatua ya kwanza hadi ya pili mtu anashtuka, lakini kutoka ya tisa hadi ya kumi hasikii tofauti yoyote. Nikafumua zote, nikazipanga upya, ndogo upande wa chini na kubwa zaidi kadiri unavyopanda, hadi kila mlio wa swichi ukaongeza sauti kwa kadiri moja. Kazi hiyo ilikula likizo yangu nzima, na siijutii.

Mama hakuhitaji macho kuitumia. Alianzia mwisho wa kushoto, akazungusha na kuhesabu milio kwa Kihangaza, kwa sauti ya juu kama wasiosikia wanavyosema: "Rimwe! Kabiri! Gatatu!" Alifika saba, akatulia. Saba ndiyo ilikuwa yake. Mawe ya redio, yaani betri, yalipoanza kuchoka alikwenda nane, nami nikajua ni wakati wa kuyaanika juani.

Sasa sikiliza balaa lilipotoka. Zamani nyumba yetu ilikuwa katikati ya migomba yetu, na mama angeweza kuhesabu hadi elfu bila kusikiwa na mtu. Lakini Operesheni Vijiji ilikuwa imetuhamisha, ikatupanga kando ya barabara kwa mistari kama viti vya darasani, na ukuta wetu ukatazamana na ukuta wa balozi wetu wa nyumba kumi. Kilichopikwa kwetu alikijua kabla hakijaiva. Na wakati huo viongozi walikuwa wameambiwa kwenye mkutano wafungue macho, kwa maana adui ana masikio kila mahali. Kila balozi alitamani kuwa yeye ndiye aliyemkamata mtu.

Basi balozi wetu akasikia, kila jioni saa ileile, bikizee anataja namba, na kati ya namba na namba kitu kinalia ka, ka, ka. Hakuja kuuliza. Hatua ishirini zilimshinda! Alikwenda moja kwa moja kwa katibu wa kijiji.

Wakaja wanne: katibu, balozi na mgambo wawili. Katibu aliinama mbele ya mama kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Hakukaa. Alinigeukia mimi. "Mwalimu, hii ni mashine ya kupeleka habari?"

"Ni volyumu ya hatua kumi na mbili."

"Mimi nina redio, Mwalimu. Volyumu haina namba kumi na mbili. Wala hailii."

Nikafungua kifuniko, nikamwonyesha rezista moja moja, nikamweleza kama ninavyowaeleza darasa la saba. Nikazungusha swichi mara moja. Ilipolia, mgambo mmoja akarudi nyuma hadi mlangoni. Nilicheka, na hilo ndilo kosa langu pekee katika habari hii yote. Katibu akasema dharau hiyo ataiandika.

"Na namba anampelekea nani?" balozi akauliza, kidole kikimwelekea mama.

"Anahesabu milio. Haoni vizuri."

"Asiyeona anasikilizaje redio?"

Hilo ndilo swali walilolibeba, na hakuna hata mmoja aliyeona aibu. Wakabeba boksi, ampli, spika na redio yenyewe, kwa sababu vilikuwa vimeungana kwa nyaya na hawakujua kipi ni kipi. Mama akaniuliza wageni wamekuja kufanya nini. Ilibidi nimpigie kelele sikioni kwamba wameazima redio. Nilimdanganya mama yangu kwa ajili ya watu wale, na sijawasamehe hilo.

Vitu vilikaa ofisi ya kijiji siku kumi na moja. Mimi niliitwa Ngara mjini kueleza upya, nikakaa kwenye benchi siku mbili nikisubiri mtu ambaye hakujua hata nimeitiwa nini. Niliporudi siku ya pili jioni, nilimkuta jirani yetu, mama mmoja muuza chumvi, amesimama mlangoni anahema. Alikuwa ametoka duka la kijiji.

"Mwalimu, mdogo wako amesema redioni! Tumemsikia wote!"

Mama alipoelewa, alishika mikono ya yule mama kwa nguvu. "Kasemaje?"

"Kasema anakusalimu. Kasema usiuze yule mbuzi mweusi."

"Alikuwa anakohoa?"

Jirani akanitazama, akamtazama mama. Dukani kulikuwa na watu wengi, walikuwa wakishangilia. "Hilo sikulitilia maanani, mama," alisema.

Mama akamwuliza tena. Kesho yake alinituma kwa wengine waliokuwepo. Nilizunguka nyumba tisa nikiuliza swali moja kama mtu aliyerukwa na akili, na wote walikumbuka mbuzi. Hakuna aliyekumbuka kikohozi.

Siku mbili baadaye akaja fundi wa simu kutoka wilayani. Aliondoa kifuniko, akatazama, akasema, "Hii ni volyumu," kisha akaomba maji ya kunywa. Nikarudishiwa vitu vyangu. Katibu alisema walikuwa wakitimiza wajibu.

Mdogo wangu hakurudi. Mama aliishi miaka mingine sita, akizungusha swichi hadi saba kila jioni, hata baada ya kipindi kile kufutwa. Mbuzi hakumuuza. Na katika wiki zake za mwisho aliniuliza tena kama kuna aliyesikia.

Mwaka juzi, mimi nikiwa nimestaafu, pikipiki ilisimama uani kwangu. Dereva alimshusha mzee amefungwa kitambaa machoni. Alikuwa balozi. Macho yalikuwa yamekwisha, na masikio yalikuwa njiani. Akasema wajukuu wanampa redio ya kugusagusa ambayo hawezi kuitumia. Amekumbuka lile boksi langu lililokuwa likilia. Ningeweza kumtengenezea?

Nilitaka kumfukuza. Nilimtengenezea, kwa sababu kazi ninaipenda kuliko ninavyomchukia yeye. Nilipanga rezista vilevile, ndogo chini, kubwa juu. Siku ya kuichukua nilimkalisha, nikaunganisha redio, nikaweka mkono wake kwenye swichi.

Akazungusha. "Rimwe," akasema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Kabiri. Gatatu." Akaendelea hadi saba, akatabasamu.

"Unampelekea nani hizo namba?" nikamuuliza.

Tabasamu likaisha. Mkono wake ulibaki palepale kwenye saba, redio ikasoma taarifa ya habari yote hadi mwisho, na mimi sikumsaidia kupata jibu.